Mama Aliyewekwa Ndani Badala ya Mwanawe

Ipo siku moja ambayo mvua za kwanza zikianguka hapa Mshangano hunijia yenyewe, hata kama sikuiita. Usidhani, mwanangu, kwamba naikumbuka kwa uchungu peke yake. Naikumbuka kwa sababu ni miongoni mwa siku za mwisho nilizokaa na dada yangu Skola tukiwa bado watu wa nyumba moja.

Skola alikuwa binti wa baba yangu mdogo. Nyinyi wa siku hizi mngemwita binamu, lakini kwetu huyo ni dada, basi, hakuna mjadala. Tulilala mkeka mmoja. Tulilima bega kwa bega, ingawa bega lake lilitangulia kila mara, maana alinipita tuta kwa tuta, akafika mwisho wa shamba, akakaa chini kunicheka. Alikuwa na kicheko cha kelele ambacho mwalimu wa kwaya alikilalamikia hadi akachoka. Leo magoti yangu hayanitii tena, lakini nikishika jembe bado natega sikio upande ule wa shamba.

Nakueleza haya kwa sababu ya maneno niliyoyasikia juzi dukani kule Lizaboni. Ilikuwa inasemwa kwamba kijana fulani ametuhumiwa kumbaka binti wa watu, amekimbia, na askari wamemchukua baba yake wakamweka ndani mpaka mtoto ajilete. Kama ni kweli au ni uzushi, mimi sijui. Ninalolijua ni kwamba vijana mliokuwa pale mlifurahi. Mmoja alisema, “Safi sana, ndiyo dawa yao.” Niliondoka bila kuaga, na siyo kwa hekima, ni kwa hasira. Sasa imeshuka kidogo, nisikilize.

Wakati huo tulikuwa wasichana wakubwa, shule tumeshamaliza, Skola ana miaka kumi na tisa. Alikwenda mashine kusaga mahindi, mchana kweupe, akarudi bila unga. Mwanaume aliyemfanyia ule unyama njiani hakuwa mgeni. Alikuwa Kastori, kijana wa jirani, nyumba zetu zimetenganishwa na migomba tu. Na mama yake, Mama Kastori, ndiye aliyekuwa akituwekea masuku, yale matunda ya porini, kwenye ungo kila msimu, tukipita anatuita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi siku ile tuliamini.

Mama yake Skola, kwa huruma ya mama, alibandika maji ya moto ili amwogeshe mwanawe. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: binti akipatwa na jambo lile, anaogeshwa, nguo zinalowekwa, mlango unafungwa, wazee wanaitana. Shangazi Filomena, dada mkubwa wa baba zetu, alipofika alilitua lile sufuria chini. Alikuwa mfupi na mkali, na hakuna mwanaume wa ukoo wetu aliyewahi kumshinda kwa maneno.

“Hakuna kuoga,” akasema. “Kwanza hospitali na polisi. Kuoga kutakuwepo.”

Tukaenda kituoni, kituo kidogo tu ambacho sina haja ya kukitaja. Baba mdogo naye alikuja, akaketi ubavuni mwa mwanawe. Koplo aliyekuwa kaunta akasema, “Haya binti, eleza.” Skola akainamisha kichwa. Koplo akamwuliza alikuwa amevaa nini, na kama yule kijana ni bwana wake wa siku nyingi. Skola kimya. Watu waliokuja kuulizia baiskeli zao zilizoibiwa walikuwa wamesimama nyuma yetu, masikio yote kwetu.

“Mnaona?” akasema koplo. “Anayedhulumiwa kweli hasemi? Huyu anaficha jambo.”

Mwanangu, kwetu binti hatamki mambo ya mwili wake mbele ya baba yake. Atamwambia shangazi, na shangazi ndiye atakayejua namna ya kuyapeleka mbele. Koplo hakulijua hilo, au alilijua akalipuuza. Shangazi akamgeukia kaka yake kwanza, akamwambia atoke nje. Kisha akamgeukia koplo. “Afande, huyu hafichi. Anaona aibu, na aibu siyo uongo. Tupe chumba, na kama mna askari wa kike, tuitie.” Alikuwepo mmoja. Alipoingia na mlango ukafungwa, Skola alisema yote, pole pole, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Tukatoka pale tukaenda hospitali, na daktari akafanya kazi yake.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini Kastori alipopata habari alitoroka, na askari waliokwenda kumkamata wakakuta nyumba ina mama peke yake. Wakamchukua yeye.

Habari zilitufikia asubuhi yake kutoka bombani, tukiwa tunakula. Baba mdogo akacheka, na tangu ubaya ule utokee hakuwa ameonyesha hata jino. “Naye aonje,” akasema. Nami, sikufichi, moyo wangu ulitulia kidogo. Ni Skola aliyeisukuma sahani ya viazi.

“Mimi nilimtaja Kastori,” akasema. “Mama Kastori nani kamtaja?”

Akasema tena, sasa analia, “Amenikosea nini mama yule? Sasa na mimi nimemfungia mtu mama yake.”

Shangazi alikuwa anafunga kilemba chake. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akamkemea baba mdogo kwa sauti ya chini ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko makelele. “Umesikia mwanao? Umeonewa, sasa unafurahi na mwingine akionewa. Hivyo ndivyo ulivyofundishwa na mama yetu?” Akachukua mwamvuli. Tukamfuata, Skola na mimi.

Mama Kastori alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya nondo, peku, kichwa wazi. Sikuwahi kumwona bila kilemba. Aliposikia sauti zetu aligeukia ukutani.

“Shikamoo mama,” koplo akamwamkia Shangazi, maana adabu hiyo alikuwa nayo.

“Marahaba. Mama huyu amekosa nini?”

“Mwanae ametoroka.”

“Nimeuliza yeye amekosa nini. Amemficha? Ameiba? Taja kosa lake nilisikie.”

Koplo akatabasamu. “Mama, wewe ni mtu mzima. Mchuma janga hula na wa kwao.”

“Hiyo ni methali, afande,” akasema Shangazi. “Siyo sheria.”

Tabasamu likaisha. Koplo akaegemea kaunta akamtazama Skola badala ya Shangazi. Akamwambia kwamba tukiendelea kuwahurumia watu wa upande ule, basi itajulikana kwamba hakuna aliyedhulumiwa, na kesi itakufa. Achague: mama abaki ndani au kesi ife.

Hapo nilimwogopea dada yangu. Kesi ile ndiyo pekee iliyokuwa imebaki mkononi mwake, na mtu mwenye uwezo wa kuiua alikuwa amesimama mbele yake. Skola akajifuta uso. Hakuinama safari hii.

“Vyote viwili ni haki yangu,” akasema. “Mtafuteni Kastori. Na mama huyu mtoeni.”

Shangazi akakaa kwenye benchi, akauweka mwamvuli mapajani, akasema hatuondoki mpaka mkuu wa kituo arudi. Tukakaa. Mkuu wa kituo aliporudi, Shangazi alimwuliza swali lile lile, na wale watu wa baiskeli, waliokuwa wamerudi kuulizia tena, nao wakawa wanangoja jibu. Mzee yule akamtazama koplo, akatazama nondo, akakuna shingo.

“Tukimwachia, mtoto hatajileta,” akasema, lakini kwa unyonge.

“Basi mkamtafute,” akasema Shangazi. “Hiyo ndiyo kazi mliyopewa. Kumkalisha mama sakafuni siyo kumtafuta mtu.”

Mkuu wa kituo akaamuru Mama Kastori afunguliwe.

Tulirudi tukiwa wanne. Mama Kastori alitembea nyuma yetu. Tulipofika kwenye migomba ile, akasimama.

“Filomena,” akaita. “Yuko Madaba, shambani kwa mjomba wake. Nendeni mkawaambie.” Kisha akaketi chini pale pale kwenye udongo, akamtazama Skola. “Tangu jana walinifokea, sikusema. Niliapa nitafia mule. Lakini wewe mtoto umekuja kunitoa. Nitakuficha nini wewe?”

Akalia, mwanangu, kilio cha mtu anayemzika aliye hai. Skola akapiga magoti akamshika mabega. Mimi nilisimama tu, mikono imenining'inia.

Kastori alikamatwa, akapelekwa mahakamani, akahukumiwa kwa ushahidi wa Skola mwenyewe na wa daktari. Haki ilipatikana. Lakini haki haikumrudishia Skola kijiji chake. Akifika bombani, mazungumzo yanakatika. Akipita, mtu anamnong'oneza mwenzake. Mwisho akapanda lori la mahindi kwenda kwa ndugu zetu Mbinga, akajifunza cherehani, akaolewa huko, akazaa. Nilimsindikiza hadi barabarani, akaniahidi atarudi msimu wa masuku. Misimu imepita, nimeacha kuihesabu.

Alikuja mara moja tu, tulipomzika Shangazi. Akina mama walikuwa wamebanana kwenye mikeka, na alipoingia wote wakainamisha macho. Mama Kastori, wakati huo mzee kabisa, akajisogeza akapiga mkeka kwa kiganja, “Kaa hapa.” Akakaa. Kabla usiku haujaingia akaondoka. Siku hizi Skola macho yamemwisha na simu anashikiwa na mjukuu. Tunaulizana mvua, tunaulizana mahindi, tunaagana. Ningempa mtu shamba langu lote kwa alasiri moja ya kulima naye, hata kama nitaachwa nyuma tena. Namtaka dada yangu, na kijiji ndicho kilichomfukuza, siyo Kastori peke yake.

Basi nisikie vizuri. Mtu akikujia na kusema ametendewa ubaya huo, msikilize kabla ya kumhoji. Usimwogeshe na usiloweke nguo. Mpeleke hospitali na polisi siku hiyo hiyo, na siku hizi yapo madawati ya jinsia ambako atazungumza faraghani. Akinyamaza, usiseme anadanganya. Mtafutie mtu anayeweza kusema naye. Akirudi nyumbani, mwachie nafasi bombani, na uendelee na mazungumzo yako.

Na askari, mheshimu. Tunamhitaji, nami nisingependa kuishi mahali asipokuwepo. Lakini mamlaka yake yana mpaka, na mpaka huo ni kosa la mtu mwenyewe. Amshike mtuhumiwa, amfikishe mbele ya hakimu, asimpige, asimshike mama kwa ajili ya mwana wala baba kwa ajili ya binti. Ukiona mpaka huo umevukwa, usipige makofi kwa sababu leo aliyeonewa ni mtu wa adui yako. Uliza kwa adabu: amekosa nini huyu? Kisha kaa kwenye benchi mpaka ujibiwe.

Mungu akupe kinywa cha Shangazi wangu na moyo wa Skola. Akukinge na ubaya wa njiani, na kama utakupata, usikose wa kukushika mkono. Na zaidi ya yote, mwanangu, akujalie kijiji ambacho hutalazimika kukihama ukiwa huna kosa. Amina.