Nilivyomtafsiria Kaka "Next of Kin"

Mtaani kwetu Mtoni mie ndiye niliyekuwaga na ung'eng'e. Kidato cha nne nilikimaliza kwa kuchechemea, Kiingereza chenyewe cha kuombea maji, lakini barua yoyote ya Kizungu ililetwa kwetu niisome. Nami nilipenda kusifiwa, mjinga mie.

Kaka yangu alipopata kazi ya utingo kwenye malori ya Tunduma, alirudi nyumbani na fomu ya kampuni. Tukakaa barazani. Jina, nikaandika. Umri, nikaandika. Tukafika kwenye "next of kin".

"Hapa wanataka nini, mdogo wangu?"

"Kin" sikuijua. Ningesema sijui, ningekufa? Ila "next" niliijua: next door, jirani. "Wanataka mtu wa jirani," nikamwambia, tena kwa sauti ya mwalimu. Tukaandika jina la mzee tuliyepakana naye ukuta, na namba yake ya simu.

Kaka akacheka. "Kumbe Wazungu nao wanaujua ujirani!"

Haikupita hata miezi mitatu. Asubuhi moja kaka alituaga, safari ya wiki nzima. Yeye na dereva wake hawakutoka hata geti la kampuni. Lori lilirudi nyuma likambana ukutani, na simu yake ikasagika mfukoni. Wenzake wakamkimbiza hospitali, ofisini wakapiga namba ya kwenye fomu. Haipatikani. Jirani alikuwa kaenda kwao Lindi, shambani, mtandao hakuna.

Kaka aliishi siku mbili. Siku zote hizo mama alikuwa nje anakaanga vitumbua, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kitandani kwa mwanawe, akijua yuko njiani Tunduma. Siku ya tatu ndipo mfanyakazi mwenzake alipoulizia nyumba kwa nyumba mpaka akatufikia. Tulimkuta mochwari.

Muuguzi akamwambia mama, "Alikuwa anakuita. 'Mleteni mama', basi, hana neno lingine." Jamani, kilio cha mama siku ile sitaki hata kukisimulia.

Matanga yalipoisha nikaazima kamusi. Ndugu wa karibu kuliko wote. Yaani mama.

Mwenyewe aliponiuliza kwa nini hakupigiwa simu, nikamjibu kwamba karani wa kampuni alikosea kujaza fomu.

Mama hajasamehe. Kila akimaliza kuswali anainua mikono, anamwomba Mungu amwonjeshe aliyeijaza fomu ile uchungu aliouonja yeye. Mie nimekaa nyuma yake, mkeka huohuo. Naitikia amin.