Pikipiki ya Baba, Kutoka Manyoni Hadi Kinyangiri

Niliondoka Manyoni kwa sababu baba yangu alikuwa ameacha kwenda msikitini. Kiharusi kilimlegeza upande mmoja, na njia pekee ya kumtoa nyumbani kule Kinyangiri ilikuwa toroli la kaka yangu Hamisi, kwani nyuma ya pikipiki yake Baba hakuweza kujishikilia. Alikubali kusukumwa siku moja tu. Njia nzima watu walisimama kumpa pole, na aliporudi alisema hawezi kubebwa tena kama gunia la mbegu. Tangu siku hiyo hakuvuka uzio wa nyumba yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini Jumamosi zangu ni za spana. Nilianza kwa kuchoka kuwasubiri mafundi, nikafungua pikipiki yangu mwenyewe, nikaifunga, zikabaki nati mbili, nikaifungua tena. Baada ya miaka kadhaa nikawa nayaweza mengi. Kwa hiyo Baba alipougua nilijua nitamfanyia nini. Nilitafuta pikipiki ndogo kuukuu, ya aina isiyo na klachi ya mkono, nikaikata nyuma na kuiwekea ekseli ya magurudumu mawili na kiti chenye mgongo. Hamisi alikuwa amenitumia picha aliyojipiga akiwa na Baba, mkono wa kushoto wa Baba umelala pajani kama kitu kilichosahauliwa. Nikahamishia kila kitu kulia: gia niliitoa mguuni nikaifanya ya mkono, na breki na mafuta vikabaki kulekule kulia. Kazi ilinichukua miezi minane. Kila likizo nilisema nitakwenda kumwona nikishaimaliza.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kwanza ya likizo, niliwasha na kuingia barabara ya Singida. Anayejua pikipiki asidhani anajua chombo cha magurudumu matatu. Hakilali kwenye kona, kinakusukuma nje, na mikono ndiyo inayolipa. Malori yalinipita yakiniachia upepo wao juu ya upepo wa Singida, ambao peke yake unatosha. Kufika Ikungi nilikuwa nimesimama mara nne, si kwa sababu ya injini, ila kwa sababu ya mabega. Mama mmoja aliyenipimia chai aliniuliza nabeba nini. Nikamwambia sibebi kitu, napeleka hiki chenyewe.

"Mbali?"

"Kinyangiri, Mkalama."

Aliitazama, akanitazama mimi, akaongeza sukari bila kuniuliza.

Mchana, karibu na Singida Mjini, gurudumu la nyuma lilianza kulia. Nilikwenda taratibu mpaka kwa Mzee Petro, dereva mstaafu ambaye tulifahamiana naye kwa kutafuta vipuri vilevile. Uani kwake kuna gari dogo la mizigo analolijenga upya tangu astaafu. Mlango mmoja mwekundu, mwingine wa bluu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Beringi hiyo. Nimeisikia tangu ukiwa barabarani."

Alikuwa na beringi ya saizi ile. Tulivua gurudumu, tukagonga, tukafunga, yeye akifanya sehemu kubwa maana vidole vyangu vilikuwa havikunjiki tena. Kisha akazunguka chombo mara mbili, akagusa kila sehemu niliyochomelea.

"Kazi safi. Mzee wako ameshakaa juu yake?"

"Bado. Ndiyo nampelekea."

"Umempima kwa kitu gani sasa?"

"Kwa picha."

Akakigusa kiti tena, akaenda kunawa mikono. Mke wake aliniwekea ugali na mlenda, nikala nusu, nikalala bila kuvua soksi.

Siku ya pili niliondoka jua limeshapanda. Lami ilipoisha, nilijua kwa nini watu husema barabara inakula. Magurudumu mawili ya nyuma hayafuati njia ya lile la mbele. Kila moja linatafuta shimo lake. Kwenye mchanga nilishuka nikasukuma. Kundi la ng'ombe lilinizuia kati ya majabali mawili, nikazima injini, nikakaa tu, nikashukuru kwamba kuna sababu ya kukaa.

Alasiri niliingia Kinyangiri. Wifi yangu Mwanaidi alitoka jikoni akipiga vigelegele. Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake, amekonda, kofia imenyooka. Nilipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Ananiita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. Akaninyooshea mkono wa kushoto. "Nisamehe. Wa kulia umelala."

Niliushika ule mkono, nikabaki nimeushika. Kisha nikageuza shingo nikakiangalia chombo changu kimesimama uani, gia kulia, breki kulia, mafuta kulia.

Hamisi aliporudi kutoka shambani nilimwonyesha ile picha kwa hasira. Tuliitazama pamoja. Alikuwa ameipiga kwa kamera ya mbele, ambayo kwenye simu yake hugeuza kila kitu kama kioo. Hata maandishi ya fulana yake yalikuwa kinyumenyume, na mimi kwa miezi minane sikuwahi kuyasoma.

"Ungeniambia ni mkono gani!"

"Uliniuliza lini?"

Tulipandishiana sauti mpaka Baba akagonga fimbo sakafuni. Aliniangalia mimi, si Hamisi.

"Kwani mabasi ya Manyoni yameacha kutembea?"

 Alikitazama chombo, akasema ni kizuri, Hamisi akitumie kubebea vitunguu. Akaomba asaidiwe kuingia ndani.

Siku ya tatu niliamka nimekakamaa kama mbao. Nilitamani kupanda basi nirudi. Badala yake nilimwomba Baba atoke, na safari hii nikamkalisha kwanza. Hakutaka. Mwanaidi akamwambia jambo kwa Kinyiramba, maneno machache ambayo sikuyasikia vizuri, naye akaja. Tulimwinua mimi na Hamisi. Nikapima mguu wa kushoto unapofika, kiganja kinavyojikunja, mgongo unavyoegemea. Kiti kilikuwa juu mno. Hilo nalo picha haikusema.

"Mguu huu una nguvu?" nilimuuliza.

"Una nguvu ya kukupiga teke."

Hapo ndipo nilipopata njia. Gia ingerudi chini kushoto, mahali ilipotoka kiwandani. Mafuta ningeyahamishia mkono wa kushoto, na mbele ya mkono huohuo ningeweka breki ya nyuma. Tatizo lilikuwa waya wa mafuta, haukufika ng'ambo. Dukani hapakuwa na mrefu wa kutosha. Nilikuwa nimekaa chini nikiutazama ule mfupi, Hamisi akaenda kwenye pikipiki yake, akafungua waya wa klachi, akauweka mapajani kwangu.

"Na wewe utatembelea nini?"

"Miguu."

Tulifanya kazi siku mbili. Kiti tulikipeleka kwa mchomeleaji wa senta, kikakatwa miguu. Baba alikaa karibu, akashika boksi la spana, akawa ananipa kwa mkono wa kushoto kabla sijaomba. Mara nyingi alinipa ile niliyoihitaji. Sikujua kwamba anazijua. Mikono yangu ilikuwa imevimba, na jioni nilikuwa nasinzia na tonge mkononi.

Alhamisi alasiri alipanda peke yake. Nilimweleza kwamba upande huu mafuta yanaongezwa kwa kuzungusha kwenda mbele, si kuvuta nyuma. Alisema ameelewa. Akaenda vizuri mpaka kwenye kona ya uzio, akataka kupunguza, mkono ukazungusha kwenda mbele kama kwenye pikipiki aliyoendesha zamani, chombo kikaruka kikaingia shamba la alizeti. Tulikimbia. Alikuwa amekaa wima katikati ya mabua, petali begani.

"Msiniguse," alisema. "Nitatoka mwenyewe."

Akatafuta namna ya kurudi nyuma. Pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Akatafuta muda mrefu, sisi tumesimama.

"Haya, sukumeni basi."

Tulimsukuma. Akageuka, akarudia. Akarudia mpaka mafuta yakaisha.

Ijumaa alikwenda msikitini. Nilisimama uani nikisikiliza injini ikilia kwa gia ndogo kuliko inavyotakiwa, nikitamani kupiga kelele abadilishe. Alibadilisha alipokuwa tayari. Swala ilikwisha, watu wakapita kurudi, yeye hakuonekana. Hamisi alikuwa ameshavaa viatu kumfuata, ndipo Baba akarudi: alikuwa amepita shambani kuangalia alizeti yake, ambayo alisema ilipaliliwa ovyo.

Jumamosi asubuhi nilifunga begi langu. Nilitoka kumuaga, kiti cha barazani kilikuwa kitupu.

"Mzee katoka," alisema Mwanaidi, akachekea ndani ya kanga yake, maana lilikuwa neno ambalo halikuwa limesemwa katika nyumba ile kwa muda mrefu.

Nilimsubiri mpaka muda wa basi ukanibana. Nikaondoka bila kumuaga.

Njia nzima nilikaa dirishani na mabega yanayouma, nikiyaona tena yale majabali na ule mchanga, safari hii vikipita haraka. Kwa miezi minane nilijiambia kwamba namtengenezea Baba miguu, na kumbe ilikuwa rahisi zaidi kukaa na vyuma kuliko kukaa naye na kumwona amelegea. Chuma kinakwambia kosa lako bila kukuangalia usoni. Kazi yote iliyofaa ilifanyika siku mbili tu, yeye akiwepo. Mwisho wa muhula ujao nitapanda basi, begi moja, bila spana.

Nilipofika Manyoni nilipiga simu nimwombe radhi kwa kuondoka vile. Akapokea Hamisi. Nikamwambia ampe Baba.

"Hayupo," alisema. "Alirudi, akala, ametoka tena."