Nilifuta Programu ya Damu ya Mwalimu Rwegasira

Kosa ni langu. Msinitafutie sababu, nimezitafuta mwenyewe miaka miwili na zote ni uongo!

Hospitali moja huku Mwanza ilikuwa na kompyuta moja ya msaada, na ndani yake programu ya wachangia damu. Ukiiuliza kundi la damu, inakupa majina na mitaa ya watu wa kuwafuata. Aliiandika Mwalimu Rwegasira, mstaafu wa hisabati anayekaa Butimba, kwa lugha ya kompyuta iitwayo BASIC, bure kabisa. Sharti lake moja tu: anayeitaka apewe, anayeirekebisha arudishe. Disketi zilivuka ziwa hadi Bukoba, zikarudi na marekebisho. Hata nesi Mbuke wa maabara alikuwa anaifungua, anasoma maelezo ya Kiswahili ya Mwalimu, anasahihisha mstari mwenyewe.

Mimi nikarudi kutoka kozi Dar na lugha ya C. Kichwa kilivimba! Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya nchi imefunguliwa, kila kipya ni bora, cha jana ni takataka. Kwenye kikao cha sisi tuliojitolea kuitunza programu ile, nikasema mbele ya watu kwamba BASIC ni lugha ya watoto. Sikuwa na haya hata kidogo!

Mwalimu hakukasirika. "Binti yangu, hiyo lugha ni nzuri, sikatai. Ila humu ndani nani mwingine anaisoma?"

"Watajifunza, Mwalimu."

"Basi ziende zote mbili mpaka wajifunze."

Wajumbe wakanipigia makofi mimi. Nawachukia kwa makofi yale! Lakini mikono iliyofuta disketi za Mwalimu, zote pamoja na orodha ya wachangiaji niliyokwisha kuihamishia kwenye yangu, ni hii yangu. Hakuna aliyenituma. Sikutaka apatikane mtu wa kulinganisha.

Yangu ilikuwa ya haraka kweli. Hospitalini niliacha nakala ya kutumia tu, isiyofunguka kusomwa wala kusahihishwa. Maandishi yenyewe ya programu nikabaki nayo. Nilifurahi kwamba bila mimi hawawezi! Nikaenda harusini Bukoba nayo mkobani.

Siku ya pili akaletwa mama wa Usagara, amejifungua, damu haikomi kutoka. Kundi lake ni adimu. Mbuke akaiuliza kompyuta, ikatoa ukurasa mtupu. Nilikosea mstari mmoja! Mstari ambao zamani Mbuke angeusahihisha kabla chai haijapoa. Daftari la karatasi la majina lilishaachwa siku nyingi.

Akakimbilia kwa Mwalimu. "Shikamoo Mwalimu, naomba disketi za zamani, upesi!"

"Marahaba. Zote alichukua yule binti."

Mzee akakumbuka jina moja la mtu wa Mkolani mwenye kundi lile, nyumba haijui. Akapanda baiskeli, akauliza mlango kwa mlango. Alimpata. Walipofika hospitali, mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Mbuke alinieleza yote hayo bila kunitazama. Mwalimu nikimwamkia anaitikia marahaba na kupita. Afadhali angenitukana!

Na bado sijasema lililo baya zaidi. Mume wa marehemu alikuja kunitafuta na jogoo mkononi. "Madamu, nimeambiwa ninyi watu wa kompyuta mlihangaika sana. Ni Mungu tu hakupenda."

Nikasema, asante baba. Nikampokea jogoo! Tukamla nyumbani, na mchuzi nikausifia!

Ninyi mnaorudi kutoka masomoni na mapya, nisikilizeni. Lugha mpya jifunzeni, hata mimi bado naipenda. Lakini siku ukijikuta unafurahi kwamba hakuna mwingine anayeweza kuifungua kazi yako, simama hapo hapo. Irudishe ya zamani mezani, na mpya uwafundishe wenzako kwanza. Na mzee akikuuliza swali, mjibu swali lake, usimjibu kiburi chako!

Na wewe baba wa Usagara, kama ukurasa huu wa gazeti utakufikia umefungiwa chumvi, usiutupe. Damu ya mkeo ilikuwepo Mkolani. Siyo Mungu aliyekataa.