Kalinga na Taa Mbili Nyekundu

Kasian Kalinga, dereva wa misheni moja ya Makambako, alikuwa bahili wa petroli kuliko wenye petroli yenyewe. Mwaka wa sabini na nne, mafuta yalipopanda bei na pampu zikaanza kukauka, ubahili huo ulimpa jina. Padri alimsifu mbele ya waumini, naye akawa anatembea kifua mbele.

Ujuzi wake haukuwa wa ajabu. Akifika juu ya mteremko aliweka gia huru, akazima injini, kisha akarudisha ufunguo ili umeme uwepo, gari likateremka kimya kimya. Hapo taa mbili nyekundu ziliwaka kwenye dashibodi: moja ya chaji ya betri, nyingine ya oili. Kule chini aliingiza gia, akaachia klachi, injini ikashtuka ikaamka, na taa zote zikazimika. Alikwisha kuziona mno, hata macho yake yakazipita kama mtu anavyoipita picha ya ukutani kwake. Wekundu ule kwake ulikuwa faida tu, petroli iliyobaki tangini.

Na si kwamba hakujua. Fundi mmoja wa Iyunga alimweleza zamani: taa ya oili ikiwaka na injini inanguruma, simama papo hapo, zima, chomoa kijiti upime oili, kisha inama uchungulie chini ya gari. Kalinga mwenyewe aliwafundisha madereva wenzake maneno hayo, tena kwa mbwembwe.

Basi Verediana, binti yake wa pekee, akashikwa na uchungu, na mtoto akagoma kutoka. Mkunga wa zahanati akasema hapa hatuwezi, mwahisheni Mbeya, la sivyo mtawapoteza wote wawili. Padri akatoa Landrova. Tangi halikuwa limejaa, kwa hiyo Kalinga akateremka kuelekea Igawa kwa mtindo wake uleule. Njiani alikanyaga jiwe ambalo dereva fulani wa lori alikuwa amelitumia kuzuia gurudumu akaliacha barabarani. Likaruka, likagonga chini ya gari, ngo! Hakusimama. Nani angesimama, na binti analia vile kiti cha nyuma?

Mteremko ulipokwisha akaachia klachi. Injini ikaamka. Taa ya chaji ikazimika. Ya oili ikabaki inawaka.

"Baba," Verediana alisema huku akihema, "mbona taa moja imebaki?"

"Ya kawaida hiyo, mwanangu. We sali tu."

Laiti angeitazama! Nyuma yao oili ilikuwa ikichora mstari mweusi juu ya lami, na mbele tambarare ya Usangu ilitanda, nyeupe kwa jua, bila nyumba. Injini ikaanza kugonga, kwanza taratibu, kisha kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Kalinga akaongeza mwendo ili awahi. Kitu kikakatika ndani, gari likajikokota, likanyamaza. Alifungua boneti, akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu. Alipiga kelele, akajipiga kichwa, lakini hakuna gari lililotokea.

Aliyewaona ni Nkuba, mfugaji aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Akafunga maksai kwenye mkokoteni, wakamlaza Verediana juu ya majani, wakampeleka kwake. Mkewe, Nyamizi, aliyekwisha kuzalisha wengi, akamwingiza ndani na kufunga mlango. Kalinga akakaa nje akisikiliza sauti ya binti yake ikipungua. Alimwogopa Mungu siku ile kuliko siku zote.

Kisha mtoto akalia. Kalinga akaruka, akacheka kwa machozi, akamkumbatia Nkuba ambaye asubuhi hakuwa akimjua. Nyamizi akatoka na kichanga ndani ya kanga, akamwekea babu yake mikononi. Nyamizi mwenyewe hakucheka.

"Mshike vizuri, mzee," alisema. "Nakwenda kumkamulia maziwa ya ng'ombe. Mama yake hatamnyonyesha."