Alama Mbili za Swali la Gesi

Mwalimu wa kemia alistaafu na heshima zake zote, ila kulikuwa na jambo moja lililomkaa kooni miaka kumi na tisa.

Katika kusahihisha, alikuwa haangalii njia, anarukia mstari wa mwisho. Jibu likilingana na lake, vyema. Lisipolingana, kalamu nyekundu hiyo. Walimu wenzake walimwita Chapuchapu, naye akachekelea, maskini, akidhani anasifiwa.

Basi mwaka ule akatunga swali la gesi kwenye mtihani: kaboni asilimia 85.7, hidrojeni 14.3, na lita moja yake ina gramu 1.25, tafuta fomula ya molekuli. Yeye mwenyewe, kwa haraka zake, aligawanya akapata kaboni moja kwa hidrojeni mbili, akaandika CH₂, akafunga daftari. Ile lita moja aliyoiweka kwa mkono wake hakuigusa. Binti mmoja wa dawati la mbele aliigusa. Alizidisha 1.25 kwa 22.4, zile lita za moli moja ya gesi katika hali sanifu, akapata 28. CH₂ ni 14 tu, kwa hiyo molekuli nzima ni mara mbili yake: C₂H₄. Akapigwa mkasi mwekundu, alama ya kosa. Alipoinua mkono kuuliza, mwalimu akamwambia aache ujuaji, darasa zima likacheka.

Akakosa mchepuo wa sayansi kwa alama mbili.

Wiki iliyofuata mwalimu alilifanya swali lilelile ubaoni, darasa jingine. Alipofika kwenye ile lita moja, chaki ikamganda mkononi. Orodha ya majina ya mchepuo ilikuwa bado mezani kwa mkuu wa shule. Ilikuwa kuvuka ukumbi tu na kusema, nimekosea. Akafuta ubao. Uso wake, jamani, aliupenda kuliko mtoto wa watu!

Binti akawa fundi cherehani. Mwalimu alijua kibanda chake, na kwa miaka yote hiyo akapita upande wa pili wa barabara. Juzi tu, suruali zilipoanza kumpwaya, akajikaza akaingia.

Fundi alimpokea kwa shikamoo na kiti. Akampima kiuno, akaandika. Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Mwalimu akauliza kulikoni.

“Namba zangu siziamini, mwalimu. Si unajua mwenyewe?” Akacheka kidogo.

Mwalimu akakivuta kile kiti. Akakaa, akayatoa yote: CH₂ yake, ubao alioufuta, mlango wa mkuu ambao hakuugonga. “Jibu lako lilikuwa sahihi, mwanangu. Nililijua wiki ileile. Nisamehe.”

Fundi hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Alikuwa akiukunja utepe wa kupimia, taratibu, kidoleni.

“Siku ile nilirudi nyumbani nikalifanya upya mara tatu,” akasema. “Likaja lilelile. Ndipo nikajua kichwa hiki hakifai, maana hata kosa lake hakilioni.”