Jiwe Jekundu Ndani ya Tembe

Sisi tuliolelewa Haneti enzi za nyumba za tembe tunalijua giza la mchana. Nje jua linapasua kichwa, ndani hujui umekanyaga paka au mtoto. Paa la udongo, kidirisha cha kupitisha ngumi, moshi wa jiko tangu asubuhi. Tulikula ugali wa uwele na mlenda kwa kupapasa, na hakuna aliyekosea mdomo.

Mvua ikikatika tulikwenda korongoni kuokota mawe ya kijani, tukayafanya ng'ombe wetu wa mchezo. Madalali wa madini walikuja kuyachukua, na wote walikuwa na adabu ya ajabu: walipenda kukaribishwa ndani. Kando ya moto jiwe la kijani hununa, likawa kama mlenda wa jana. "Limefifia hili, mzee," wanasema, wanaondoka nalo kwa kibaba cha chumvi. Jiwe jekundu nalo, moto ule ule hulipamba kama bibi harusi.

Siku moja dalali mmoja akaja na lake jekundu. Alitaka tumpe ng'ombe wetu wa kweli kwa jiwe hilo, na ndiye pekee tuliyekuwa tukimkamua. Mdogo wangu alikuwa bado hajaanza kutembea. Baba akaligeuza jiwe mbele ya moto, macho yakamtoka.

Mama akasema, "Litoeni nje tulione."

"Shemeji, jua huliharibu," akajibu dalali.

"Limelala juani tangu dunia iumbwe, leo ndiyo liharibike?"

Baba akamkemea. Kwetu mgeni aliyeketi hainuliwi. Kumwinua ni kumfukuza. Mama akachukua jembe, akatoka. Tukadhani amekwenda kumalizia hasira shambani. Mara tukasikia vishindo juu ya paa. Udongo ukammwagikia mgeni kwenye kofia, kisha nuru ikashuka moja kwa moja hadi kiganjani mwa baba. Lile jiwe lililokuwa kaa la moto likawa na rangi ya maharage yaliyoungua.

"Mgeni asiinuke," mama akasema kutoka juu. "Nimemletea jua hapo hapo alipo."

Dalali aliaga kabla ugali haujaiva. Baba aliziba paa siku hiyo hiyo bila kunung'unika, na jioni tukanywa maziwa.

Juzi mjukuu wangu anayeishi Makole, mjini, alinionyesha pete yake ya uchumba. Anasema dukani, chini ya zile taa nyeupe, jiwe lake lilikuwa la buluu kama anga. Nikamwambia asogee mlangoni. Likawa kama maji ya kuoshea vyombo. Mnadhani alimuuliza mchumba wake? Alitoa simu, akalipiga picha, akaisugua kwa kidole mpaka buluu ikarudi, akawatumia wenzake. Wakamrudishia mioyo myekundu. "Bibi, ona lilivyo zuri," akaniambia, macho kwenye simu, na pete yenyewe iko kidoleni.

Vijana wa leo wana madirisha mapana kama lango la zizi, wanashusha mapazia mchana na kuwasha taa. Enzi zetu, ili udanganywe ilibidi mtu atembee kutwa kwenye vumbi, apige hodi, aulize hali ya mifugo. Siku hizi mtu anajidanganya mwenyewe, kitandani, kwa bando alilolinunua. Namkumbuka hata yule dalali. Angalau yeye alikuja kutusalimia.