Timu Yetu Itayafanyia Kazi

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani, huwa ninakohoa kidogo kwanza. Kisha ninasema: "Nimetengeneza programu ya sataranji. Ya mtandaoni." Ninayasema hayo nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la fotokopi, mkononi nimeshika cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine, na mteja hunitazama kwa huruma na kuuliza kama ninapiga na picha za pasipoti. Ninapiga.

Lakini programu ipo kweli. Niliiandika kwa miaka miwili kwenye meza ya chumbani, katika nyumba ya mama yangu, kwa kompyuta iliyong'oka kitufe cha A. Kwa Kiswahili, bila A huendi popote, kwa hiyo hadi leo ninakibonyeza kwa ncha ya kalamu. Sataranji yenyewe siichezi vizuri. Kanuni zote ninazijua. Kinachonishinda ni kushinda.

Siku ya kwanza tulikuwa wachezaji watatu: mimi, mama, na mama mkubwa, yaani dada yake mama. Ukurasa wa mbele niliuandika kwa mbwembwe kwamba programu "itakuchagulia mpinzani anayekufaa kwa ufundi wa hali ya juu." Ufundi wenyewe ulikuwa hivi: nilifungwa na mama kabla ya chakula cha mchana, nikafungwa na mama mkubwa baada ya chakula cha mchana, nikajitoa. Wakabaki wao wawili.

Kumbe hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyowahi kufanya, na nililifanya kwa bahati tu. Mama na dada yake walikuwa na miaka mitano hawasemezani.

Babu yangu alikuwa seremala. Ubao wake wa sataranji aliuunda mwenyewe kwa mbao zilizobaki, na kete akazichonga moja moja. Kete ndogo za mbele aliziita vitunda, na sisi wajukuu tulikuwa tunacheka kwamba ndiyo maana zinaliwa sana. Aliwafundisha binti zake wote wawili. Alipofariki, wakagombania ubao. Walitoleana maneno ambayo watu wazima hawapaswi kutoleana mbele ya watoto, na mwisho wa siku mama akaondoka na kete nyeupe kwenye kopo la biskuti, mama mkubwa akaondoka na ubao na kete nyeusi. Yaani kila mmoja alichukua kiasi cha kutosha kumzuia mwenzake asicheze. Basi wakanuniana. Wakikutana kwenye shughuli ya ukoo, mmoja anakaa mlangoni, mwingine jikoni.

Halafu programu yangu, kwa kukosa watu, ikawakutanisha. Mama alijiita Sindano, kwa sababu ni mshonaji. Mama mkubwa, mkunga mstaafu, alijiita Mkunga. Naye hakujisumbua kujificha. Kila mmoja alijua anacheza na nani na hakuna aliyesema. Mchezo mmoja ulikwenda miezi kumi na moja. Asubuhi, akishaosha vikombe, mama alikaa kwenye cherehani, akavaa miwani, akasogeza kete moja, basi. Hapakuwa na salamu wala neno. Lakini alikuwa akimsoma dada yake kwenye zile kete. "Leo kichwa kinamuuma," alisema, bila kumtaja mtu. Au: "Huyu ana wageni, anacheza haraka haraka." Mimi nilikunywa chai yangu na kujifanya sisikii.

Wakati huo programu ilikuwa imekua. Tulifika wachezaji mia mbili na kumi na moja, na wote walikuwa na la kusema. Nilikuwa nimeweka Kisanduku cha Maoni, na kila aliyeandika, programu yenyewe ilimjibu hapo hapo: "Asante kwa maoni yako. Timu yetu itayafanyia kazi." Timu yetu nilikuwa mimi, na kiti chenye mguu mmoja uliofungwa kamba.

Walinirekebisha vibaya sana. Farasi nilimchora kwa mkono wangu, na watu kumi na wanne wakaandika kuuliza kwa nini kuna mbuzi. Nilimwonyesha mama anitetee, akasema yeye siku zote alidhani ni kiti. Nikaweka ujumbe wa kumkumbusha mtu kwamba zamu yake imefika, na kwa kutaka kunogesha nikaandika: "Malkia wako anakusubiri." Mke wa kinyozi wetu ndiye aliyeusoma kwanza, kwenye simu ya mumewe. Kinyozi alilala sebuleni siku mbili. Siku ya tatu aliniandikia maoni marefu, na tangu siku hiyo akawa mkosoaji wangu mkuu.

Kinyozi ndiye aliyeleta hoja ya wanaokimbia. "Mtu akiona anafungwa anapotea," aliandika. "Mimi nabaki nimeshika simu kama mjinga. Weka sheria." Wengine thelathini wakamuunga mkono. Nilifurahi mno, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza watu thelathini kukubaliana na chochote kinachonihusu. Nikaweka sheria: asiyecheza siku saba, amefungwa. Na kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ndogo, mchezo ukishaisha unafutwa palepale. Nikayatangaza haya kuwa Maboresho Makubwa. Nilitumia herufi kubwa.

Siku chache baadaye mama akaniuliza, "Hii programu yako ni nzima?"

"Ni nzima, Mama. Kwa nini?"

"Kuna mtu hajacheza siku ya nne leo."

"Basi mtu ndiye anayechelewa. Programu haina tatizo."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mhandisi. Siku ya tano alishona mkono wa gauni kinyume, akaufumua. Siku ya sita hakuniuliza kitu.

Siku ya saba, mchana, simu yake ililia juu ya meza ya cherehani. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Hongera, Sindano! Umemfunga Mkunga." Kulikuwa na fataki ndogo za rangi. Fataki zilikuwa wazo langu.

Mama aliweka simu chini, kioo kikiangalia meza. "Amenichoka," alisema. "Hata hivi vikete amevichoka." Akaendelea kushona. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe, nikaelewa kwamba nimeukata uzi pekee uliokuwa umebaki kati ya mama yangu na dada yake, na kwamba niliukata kwa sherehe.

Kesho yake, nikiwa dukani, nilifungua Kisanduku cha Maoni. Mama mkubwa alikuwa ameandika:

"Nimefanyiwa operesheni ya jicho. Nilifungwa jicho siku nane, nikakatazwa simu. Leo nimefunguliwa, nashika simu, nakuta nimefungwa. Mwambie mwenzangu hongera."

Chini yake programu ilikuwa imeshamjibu: "Asante kwa maoni yako. Timu yetu itayafanyia kazi."

Nilimwachia mteja picha za mtu mwingine, nikafunga duka, nikaenda nyumbani kwa miguu. Nilimsomea mama ule ujumbe. Nilikiri yote, sheria, siku saba, fataki. Mama hakusikia hata moja.

"Kafanyiwa operesheni? Nani alimpeleka?"

"Sijui, Mama."

"Nani anamtia dawa?"

"Mpigie umuulize."

Mkono wake ulikwenda hadi kwenye simu, ukarudi kwenye kitambaa. "Angetaka nijue angeniambia," alisema. "Wewe rudisha mchezo wetu. Akiuona upo, ataelewa."

"Umefutwa, Mama."

"Rudisha."

Nikarudi kwenye kompyuta nikatafuta kila mahali, nikijua fika kwamba aliyefuta ni mimi na kwamba nilifuta vizuri. Ni kazi pekee niliyowahi kuifanya bila kasoro. Nikabaki na njia moja: kuwauliza wenyewe. Mama alichora ubao kwa chaki ya ushonaji kwenye karatasi ya kukatia nguo, akazichora kete kumi na saba kila moja mahali pake bila kusita. Kisha nikampigia mama mkubwa, nikaomba radhi hadi akanikatiza.

"Andika," alisema. Akazitaja kete zote kutoka kichwani, huku akilalamika kwamba jicho bado linamtoka machozi ya dawa.

Kumi na sita zililingana. Moja ilikataa. Kwenye karatasi ya mama kulikuwa na kitunda cheupe kilichobakiza hatua mbili kifike mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Kwa mama mkubwa hakikuwepo.

"Nilikila," alisema mama mkubwa simuni. "Kwa farasi. Mwambie."

Nilimgeukia mama. "Anasema alikila kwa farasi."

"Farasi gani? Farasi wake alikuwa kule pembeni! Mwambie."

"Mama mkubwa, anasema farasi wako..."

"Nimemsikia, mwanangu, sijafungwa masikio. Mwambie kumbukumbu yake ni ile ile ya kuunguza wali."

"Anasema, Mama, kuhusu wali..."

"Nipe hiyo simu!"

Akaninyang'anya. Nilimwona akiishika kwa mikono miwili, mdomo wazi. Niliogopa ataikata. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtoto wa pili:

"Dada. Hicho kitunda ulikila lini?"

Sijui alijibiwa nini. Walibishana saa nzima na robo. Kitunda kilitajwa, na farasi, na wali, na gauni fulani la shule lililoazimwa likarudi na doa, na baba yao. Katikati mama aliuliza, "Na matone unatia mara ngapi?" halafu akarudi kwenye ubishi. Alipomaliza, sikio lilikuwa jekundu. Alikwenda chumbani, akapanda kitandani kufikia juu ya kabati, akashuka na kopo la biskuti.

"Vaa viatu," aliniambia. "Unanipeleka."

Mama mkubwa alitufungulia mlango akiwa na miwani myeusi. Hawakukumbatiana. Mama alisema, "Umekonda," na dada yake akasema, "Wewe hapana," wakaingia ndani. Ubao wa babu ulikuwa mezani tayari, umefutwa vumbi, kete nyeusi zimesimama upande wake. Mimi nilijitolea kueleza kwamba programu inaweza kupokea hali ya mchezo kwa makubaliano ya pande zote mbili. Niliambiwa nikae.

"Tuanze upya," alisema mama mkubwa. "Kile kingine tutakufa tunabishana."

Mama akajaribu kufungua kopo. Kifuniko kilikuwa kimekamata kutu, ikabidi nilifungue kwa kijiko, na huo ndio mchango wangu wa kiufundi siku hiyo. Akapanga zake: mfalme, malkia, ngome, wote. Kisha vitunda, kimoja kimoja, kutoka kushoto. Alipofika mwisho, mkono ukaingia kwenye kopo ukatoka mtupu. Vilikuwa saba. Akaligeuza kopo, akalitikisa, akatazama sakafuni.

Mama mkubwa aliinuka, akaenda chumbani akipapasa ukuta. Alirudi na kitunda cheupe kwenye kiganja, akakiweka kwenye ile nafasi tupu.

"Si nilikwambia nilikila?"

Mama alikitazama. "Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Nilikichukua makusudi. Nikasema, siku akitaka kucheza atakiona hakipo, atakuja kukiulizia. Nikakusubiri." Akavua miwani, akafuta lile jicho bovu, halafu akafuta na lile zima. "Hukuja."

"Nitajuaje hakipo, Dada?" alisema mama. "Sijawahi kufungua kopo. Ningecheza na nani?"

Nikatoka nje kwenda kuangalia kama mlango wa nje umefungwa vizuri. Ulikuwa umefungwa vizuri. Niliuangalia muda mrefu.

Sheria ya siku saba niliibadilisha wiki hiyo hiyo. Sasa mtu akinyamaza, programu haimfungi. Inamwambia mwenzake: "Mpinzani wako yuko kimya. Umemjulia hali?" Kinyozi aliandika kwamba yeye alikuja kucheza, hakuja kutembelea wagonjwa. Baadaye nikaambiwa dukani kwake kwamba amempigia mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na homa. Neno "Umefungwa" nalo nimeliondoa kila mahali, ila Kinyozi analidai. Anasema bila hilo ushindi hauna ladha.

Sindano na Mkunga wanacheza ubao wa babu kila Jumapili, na siku za katikati wanacheza kwenye programu yangu. Siku moja mchezo wao ulisimama siku tisa. Nilihangaika, maana mama alikuwa amekwenda kukaa kwa dada yake wiki ile, na nikaogopa wamekosana tena. Siku ya tisa ukaingia ujumbe kwenye Kisanduku cha Maoni, kutoka kwa Sindano:

"Tukichelewa kucheza usitufunge. Tunaongea."

Programu ikajibu kama kawaida yake. Na kweli: timu yetu ilikaa kwenye kiti chake chenye kamba, ikalia kidogo, kisha ikachukua kalamu ya kubonyezea A, ikayafanyia kazi.